Toa Kijiti Kwenye Soketi

Kabla hujaendelea kusoma, katazame nyuma ya sabufa yako.

Ukikuta plagi ya pini mbili za mviringo imesukumwa kwenye soketi ya matundu matatu, na tundu la juu limechomekwa kijiti, kifuniko cha kalamu au ufunguo, zima swichi ya soketi. Chomoa plagi. Toa kijiti. Muziki utasubiri.

Jambo hili limekuwa la kawaida mno. Limo katika vyumba vya kupanga vya Manzese na Mbagala, limo saluni, limo kwenye vibanda vya kurushia nyimbo, limo hata sebuleni kwa wenye runinga ya inchi 55. Watoto wa shule ya msingi wanalijua. Mwambie muuza duka kuwa plagi haiingii, atakuonyesha kijiti kabla hajakuonyesha adapta. Na umeme unapofika kijiji kipya, kijiti nacho hakikawii kufika, maana baada ya taa na chaji ya simu, watu hununua muziki.

Kijiti kinaua. Hakimuui kila anayekichomeka, ndiyo maana hatukiogopi.

Soketi zetu za matundu matatu, Tanzania, Kenya na Uganda, zinafuata kiwango cha Uingereza kiitwacho BS 1363, kilichotolewa mwaka 1947. Tundu la juu si pambo. Pini inayoingia humo imefanywa ndefu kuliko zile mbili za chini kwa makusudi, ili itangulie kuingia na iwe ya mwisho kutoka. Inapoingia inakiunganisha kifaa na waya wa ethi, ule unaokwenda hadi kwenye chuma kilichofukiwa ardhini, kabla umeme haujakifikia kifaa chenyewe. Na katika soketi nyingi pini hiyohiyo ndiyo inayosukuma vifuniko vidogo vya ndani vinavyoziba matundu mawili ya chini. Vifuniko hivyo vimewekwa kwa ajili ya watoto.

Kijiti kinafungua vifuniko bila kuleta ethi. Kimechukua ruhusa, kimeacha ulinzi.

Tena mara nyingi kinavunjikia ndani. Tangu siku hiyo vifuniko havifungi. Matundu yako wazi, karibu na sakafu, usawa wa mtoto anayetambaa. Kijiko, pini ya nywele, msumari, chochote chembamba cha chuma kitafika kwenye volti 230. Na wewe unayetumia ufunguo au bisibisi badala ya kijiti, umeshika chuma ndani ya soketi ambayo hujui nyuma yake imefungwaje. Kama fundi alichanganya waya wa moto na wa ethi, wewe ndiye utakayeligundua kosa lake.

Halafu kuna joto.

Pini ya sabufa ni ya mviringo na ina unene wa milimita 4 hivi. Vibano vya shaba ndani ya soketi vimetengenezwa kwa pini pana za bapa. Vinaigusa ile ya mviringo pembeni tu, kwa ncha. Plagi inalegea, inaning'inia, inasukumwa na kiti, inavutwa na mtoto. Vibano vinapanuka. Cheche ndogondogo zinaruka ndani, usizoziona, na kila cheche inaacha masizi yanayozidi kuzuia umeme kupita vizuri. Spika ikikwaruza au kukatakata unapogusa waya wa umeme, usiipige makofi sabufa. Soketi inakuambia imelegea.

Sabufa peke yake haivuti umeme mwingi. Nadra hata kufika ampea moja. Ubaya ni kwamba katika chumba cha kupanga soketi ni hiyohiyo moja. Sabufa ikizimwa, panachomekwa pasi. Pasi ikitoka, panachomekwa birika. Birika la wati 1,800 linavuta karibu ampea 8. Soketi iliyokwisha kulegezwa ikiwa na ukinzani wa nusu omu tu pale pini inapogusa, sehemu hiyo ndogo kuliko punje ya mahindi inatoa joto la wati 30 hivi. Wati 30 ni chuma cha kulehemu cha fundi redio, kile kinachoyeyusha lehemu mbele ya macho yako. Umekifunga ndani ya plastiki, nyuma ya pazia.

Breka haitaliona joto hilo.

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Wanasema, kukiwa na tatizo umeme utajikata. Breka inakata pale umeme unaopita unapozidi kipimo chake, au nyaya zinapogusana. Mguso uliolegea hauongezi umeme unaopita. Unaupunguza kidogo. Kwa breka, soketi inayoungua ni birika la kawaida linalochemsha chai. Mita ya LUKU itaendelea kuhesabu yuniti mpaka moto wenyewe uikate.

Moto huo hauanzi kwa kishindo. Inaanza harufu, kama ya samaki walioharibika au plastiki iliyochomwa. Kisha soketi inageuka rangi, inakuwa ya kahawia pembeni mwa matundu. Kisha siku moja, usiku, kwa kuwa sabufa huachwa imewaka redio ikiimba hadi asubuhi, plastiki inashika. Pazia linashika. Sponji ya kochi inashika, na sponji ikiungua hutoa moshi wenye kaboni monoksidi na sianidi. Moshi huua kabla moto haujakifikia kitanda. Madirisha yana nondo. Mlango una kufuli kwa ndani, na ufunguo uko mahali fulani gizani.

Katika nyumba ya vyumba sita yenye korido moja, mwenye kijiti ni mmoja. Watakaoungua si yeye peke yake.

Sasa lipo tendo la pili, linalofanywa na watu wanaojiona wajuzi zaidi. Wenye amplifaya kubwa, mikisa, kinanda, kompyuta ya kurekodia. Wanasikia mngurumo mzito kwenye spika, ule wa hertzi 50 za umeme wa gridi, usiokoma hata muziki ukizimwa. Mtu anawaambia: kata pini ya ethi, mngurumo utaisha.

Kweli utaisha. Mara nyingi unaisha papo hapo, ndiyo sababu ushauri huu unasambaa.

Mngurumo huo hutokea vifaa viwili vilivyounganishwa kwa waya wa sauti vinapopata ethi kwa njia mbili tofauti: amplifaya kwenye soketi ya ukuta huu, kompyuta kwenye soketi ya ukuta ule, au king'amuzi kilichofungwa dishi lenye njia yake ya kwenda ardhini. Umeme kidogo unazunguka kupitia waya wa sauti, na spika inauimba. Ukikata ethi umekata mzunguko. Lakini pia umekiacha kifaa chenye mwili wa chuma bila pa kumwaga umeme siku waya wa moto wa ndani utakapochubuka na kugusa bati. Siku hiyo amplifaya itaendelea kupiga vizuri tu. Bati lake litakuwa na volti 230, likisubiri mkono. Na kwa kuwa limeunganishwa na mikisa, na mikisa imeunganishwa na kipaza sauti, mkono huo unaweza kuwa wa mwimbaji aliye mbali na hapo, miguu peku, kwenye nyasi zenye umande.

Si nadharia. Mei 1972 Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea, Wales, baada ya kugusa kipaza sauti kisichokuwa na ethi ya kuaminika. Miaka minne baadaye Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Yardbirds, alikufa nyumbani kwake akipiga gitaa la umeme. Chanzo kilikuwa kilekile, ethi mbovu. Hawa walikuwa watu wa kazi, kwenye nchi iliyobuni hiyo pini ya tatu.

Kwetu mwimbaji wa kwaya anasema tu, "maiki inapiga," anaifunga leso, anaendelea. Maiki inayopiga haifungwi leso. Inazimwa, pamoja na kila kilichounganishwa nayo, mpaka ethi ionekane na ipimwe. Wakodishaji wa muziki wa harusi na wa vigodoro wanalijua hili. Wafanye wanachojua.

Mngurumo una dawa zisizoua. Anza kwa kuchomeka vifaa vyote vinavyozungumza, amplifaya, mikisa, kompyuta, runinga, kwenye soketi moja au ekstensheni moja nzuri, vipate ethi kwa njia moja. Mara nyingi hapo ndipo kesi inapoishia. Ikibaki, chomoa waya wa dishi usikilize. Ikiwa dishi ndilo mkosaji, au kompyuta, nunua transfoma ndogo ya kutenganisha waya wa sauti. Kata njia kwenye waya wa sauti, kamwe si kwenye waya wa ethi.

Na sabufa ya pini mbili je? Nyingi ziliundwa hivyo kiwandani. Geuza nyuma usome. Ukiona alama ya mraba ndani ya mraba, kifaa kimefunikwa kinga maradufu na hakihitaji ethi. Kosa si la sabufa, ni la namna tunavyoichomeka. Fundi aikate ile plagi ya pini mbili, afunge ya pini tatu: waya wa kahawia upande wa fyuzi, wa bluu upande wa pili, pini ya juu isiunganishwe na kitu kwa kuwa hakuna waya wa tatu. Ndani iwekwe fyuzi ya ampea 3. Kumi na tatu ni ya pasi na birika. Waya mwembamba wa sabufa ukilindwa na fyuzi ya ampea 13, waya ndio utakuwa fyuzi. Asiyetaka kukata plagi anunue adapta inayoikumbatia ile ya pini mbili na yenye fyuzi yake ndani. Bei yake haifiki hata nauli ya kwenda kumzika mtu.

Wanaozungushia fyuzi karatasi ya pakiti ya sigara waache leo.

Kuhusu soketi yenyewe, sitakawia. Ukiingia dukani usianze na bei. Ishike mkononi. Soketi nyepesi kama ganda la yai haina shaba ya kutosha. Iwe na BS 1363 iliyochapwa nyuma, iwe na alama ya ubora ya TBS, au ya KEBS kwa walio Kenya, na uchomeke plagi ya pini tatu hapohapo mezani kwa muuzaji: iingie kwa nguvu kidogo, ikae bila kucheza, itoke kwa kuvutwa. Zikatae zile soketi za kila nchi, zenye matundu mapana yanayopokea plagi yoyote. Zinapokea zote kwa kuwa hazibani hata moja, na nyingi hazina vifuniko vya ndani. Ekstensheni nyingi za bei rahisi zimejaa matundu ya aina hiyo, na plagi yake, ukiitazama vizuri, ina pini ya juu ya plastiki tupu isiyofungwa waya wowote.

Kuna wanaouza soketi zilizopakwa dhahabu, kwa bei ya sabufa nzima, wakiahidi besi nzito zaidi. Wenye pesa wanunue wapendavyo. Besi haipo kwenye dhahabu. Vibano vinavyobana na skrubu zilizokazwa ndivyo vitakavyokupa sauti isiyokwaruza.

Nyuma ya soketi ndiko kwenye siri nyingi. Waya wa soketi uwe wa milimita 2.5 za mraba. Wa 1.5 ni wa taa. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, umeuziwa alumini iliyopakwa, inayopitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya uwezo wa shaba halisi, na inayolegea kwenye skrubu kadiri inavyopata joto na kupoa. Mfanye fundi aurudishe. Rangi nazo zinachanganya. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Mpya zina kahawia kwa moto, bluu kwa nyutro, kijani chenye mstari wa njano kwa ethi. Ukiongeza soketi mpya kwenye nyumba ya zamani, rangi zote hizo zinakutana ndani ya kisanduku kimoja, na fundi aliyechoka saa kumi na mbili jioni anaweza kuzigeuza. Moto na nyutro zikigeuka, ukizima swichi redio inanyamaza lakini ndani bado ina umeme.

Kubwa kuliko yote: wapo mafundi wanaofika kwenye nyumba isiyo na ethi, wanachukua kipande cha waya, wanaunganisha tundu la ethi na nyutro palepale ndani ya soketi. Kwa macho, soketi imekamilika. Hata kile kipima soketi cha taa tatu kinachouzwa madukani kitawasha taa za salama, kwa kuwa hakiwezi kutofautisha nyutro na ethi. Siku nyutro ikikatika, juu ya nguzo au kwenye mita, umeme utarudi kupitia kipande hicho na kuingia kwenye bati la kila kifaa cha pini tatu ndani ya nyumba. Amplifaya. Friji. Mashine ya kufulia. Vyote kwa pamoja.

Mwulize fundi swali moja, mbele ya macho yake: ethi ya nyumba hii inaishia wapi? Akuonyeshe waya na chuma kilichopigwa ardhini. Akuonyeshe kwa mkono, si kwa maneno. Kama chuma kimeliwa na kutu au waya umeng'olewa na wauza vyuma chakavu, nyumba haina ethi, hata iwe na soketi za bei gani. Apime kwa mita. Bisibisi ya testa inaonyesha waya wa moto tu, haijui lolote kuhusu ethi. Na awe fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania Bara au ya EPRA kwa Kenya. Wapo, na hawatakukasirikia ukiomba kuiona.

Mwombe pia akufungie kile kifaa cha kukata umeme unaovuja, RCD, cha miliampea 30. Hiki hakingoji nyaya zigusane. Kinalinganisha umeme unaoingia na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30, yaani sehemu ndogo mno ya ampea moja, kinakata kwa sehemu ya sekunde. Fyuzi ya ampea 13 inalinda waya. Moyo wako unaweza kuvurugwa na ampea 0.1. Kifaa hiki kina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila mwezi. Kikikata umeme kila wakati bila kubonyezwa, usimwite fundi akitoe. Mwite atafute kinachovuja.

Wale walionunua kinga ya kuzuia umeme mkubwa unaorudi baada ya kukatika, wajue kwamba bila ethi kinga hiyo inafanya nusu ya kazi. Umeme ukikatika, zima amplifaya kwenye swichi yake. Uache urudi, utulie dakika chache, ndipo uwashe.

Mwenye nyumba, hili ni lako. Soketi moja kwa chumba ndiyo inayozaa ekstensheni juu ya ekstensheni, na ekstensheni ndizo zinazozaa moto. Unapokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Toa sehemu yake ufunge soketi mbili za maana kila chumba, RCD moja kwenye meni swichi, na chuma kipya cha ethi. Mpangaji, usimngoje. Ya kijiti yako ndani ya uwezo wako, na adapta pia.

Soketi ikitoa harufu au moshi, kimbilia meni swichi, si ndoo. Maji hayamwagwi kwenye umeme. Mtu akinaswa usimshike: kata umeme kwanza, au msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama mahali pakavu. Tanzania, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Andika namba hiyo mlangoni, na ufunguo wa kufuli la ndani utundike msumarini hapohapo, mahali hata mtoto anapoufikia gizani.

Kisha pitia soketi zote za nyumba, moja baada ya nyingine, kwa mkono: ipi ni ya moto, ipi ina rangi ya kahawia, ipi plagi inacheza. Iliyopata moja kati ya hayo haichomekwi kitu tena mpaka ibadilishwe. Fanya hivyo kabla ya kulala.